Bei Njoo Inboksi: Mhadhara wa Bingwa kwa Wafanyabiashara Wadogo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye tumeambiwa yuko njiani; mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye amemtuma mwanawe; wajasiriamali wadogo, wajasiriamali wa kati, na nyinyi mnaojiita wa kati ilhali hata meza ya biashara mmeazima; itifaki imezingatiwa.

Nimekubali kuja mbele yenu kuzungumzia namna blogu inavyomvuta mteja wa mtandaoni mpaka akafika dukani kwa mtu mdogo. Nasema nimekubali, sisemi nimealikwa, maana mtu wa kiwango changu hualikwa kwanza na nafsi yake. Yule wa kipaza sauti aongeze kidogo. Wale wa nyuma wanaofungua soda ndio hasa waliokusudiwa na somo hili.

Kwa wasionifahamu, na naona kwa masikitiko kwamba mko wengi, mimi ni Mshauri Mkuu, Mkufunzi Mwandamizi na Bingwa wa Uchumi wa Kidijitali kwa Afrika Mashariki, ya Kati, na sehemu ya Kusini ambayo sijaifikia. Vyeo hivi sikupewa na mtu. Nilijichunguza kwa kina, nikaona nastahili, nikajiapisha. Makongamano niliyohudhuria ni mengi kiasi kwamba zile kamba za vitambulisho vya shingoni mama watoto ameziunganisha, anaanikia nguo.

Somo langu lina nguzo saba. Leo nitatoa ya kwanza na ya nne. Zilizobaki zinapatikana kwenye semina ya kulipia.

Tuanze na historia, kwa sababu mhadhara usio na miaka ndani yake watu huudhania tangazo. Blogger ilizinduliwa Marekani Agosti 1999, mtu yeyote akaweza kufungua ukurasa wake bila kumlipa fundi wa kompyuta. Google waliinunua 2003, mwaka uleule ilipozaliwa WordPress. Huku kwetu Ndesanjo Macha akawa anaandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili, na Septemba 2005 Muhidin Issa Michuzi akafungua blogu yake akiwa Helsinki. Watanzania walioko Ulaya na Marekani wakaanza kuona harusi na misiba ya nyumbani kwa picha kabla hata ya majirani wa wafiwa. Mimi wakati huo nilikuwa nasubiri kwanza nione kama intaneti itadumu. Mtaalamu hakurupuki.

Halafu ikaja 2018, na hapa nawaomba mkae kimya. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotaka mwenye blogu alipe shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Wengi wakafunga virago. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na mwenye akili angeuliza TCRA leo inadai nini kwa mtu anayeandika habari za vitanda tu na si habari za siasa. Mimi siwashauri kuuliza. Ukiuliza utajibiwa, na ukijibiwa utakosa kisingizio.

Sasa nguzo ya kwanza. Iandikeni: bei haitajwi hadharani.

Weka picha ya bidhaa. Weka alama za moto na za moyo kwa kadiri ya uwezo wako. Kisha andika maneno yale matukufu yaliyoujenga uchumi wa Instagram nchini, yaani bei njoo inboksi. Mteja akija inboksi msimjibu, mwacheni aive. Akirudi, mwambieni, "Habari mpendwa, karibu sana, umependa ipi?" Akisema amependa ileile aliyoiulizia bei, mtumieni ujumbe wa sauti mrefu wenye kelele za bodaboda ndani yake. Kufikia hapo atakuwa amekwisha kununua kwa jirani, lakini heshima ya duka lenu itakuwa imebaki pale pale.

Wapo wanaoipinga hekima hii, na sitakwepa kuwataja. Huko Virginia, Marekani, kuna mtu anaitwa Marcus Sheridan. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni ya kuweka mabwawa ya kuogelea, River Pools and Spas. Uchumi ulipoanguka 2008 wateja wakaanza kughairi, maana mtu anayehofia kunyang'anywa nyumba na benki hachimbi bwawa uani. Fedha ya matangazo nayo ikakauka. Mtu mwenye busara angefunga ofisi, au angenipigia simu. Sheridan akafanya jambo la aibu. Alikaa usiku kwenye meza ya jikoni, akaorodhesha kila swali aliloulizwa na wateja tangu aanze kazi, akawa anayajibu moja baada ya jingine kwenye tovuti ya kampuni. Na swali ambalo wauza mabwawa wote walikuwa wanalikwepa akalipa makala nzima: bwawa la fiberglass linagharimu kiasi gani?

Hakutoa bei moja, kwa sababu bei moja haipo. Alieleza kinachoipandisha na kinachoishusha, akatoa viwango kutoka hapa mpaka pale, akamwachia msomaji ajikadirie. Washindani walikuwa wamenyamaza kwa adabu zote, hivyo Mmarekani aliyeiuliza Google swali hilo alikuwa anafikishwa kwa Sheridan. Baadaye alifuatilia wateja walioingia kupitia makala hiyo moja, akakuta imemletea mauzo ya zaidi ya dola milioni moja. Akaandika na kitabu, They Ask, You Answer, kilichotoka 2017. Sijakisoma. Jalada tu lilinitosha.

Na hakuishia kwenye bei. Aliandika kasoro za mabwawa yale yale anayoyauza. Akaandika orodha ya wajenzi bora wa mabwawa katika mji wa Richmond, akawapanga washindani wake kwa majina, na jina lake mwenyewe hakuliweka. Hebu mwenye duka la Mtaa wa Congo pale Kariakoo aandike, "Maduka mazuri ya nguo ni haya," ayataje ya majirani na kuliacha lake. Ukoo ungeitisha kikao. Alichokivuna Sheridan ni kwamba mtu aliyewatafuta washindani hao kwa majina yao alikuwa anatua kwenye ukurasa wake yeye, anamkuta mtu anayesema kweli, anabaki. Mimi huo nauita utapeli wa kusema kweli, na nimependekeza sheria itungwe.

Ningelala kwa amani kama maradhi haya yangebaki Virginia. Yamefika Keko.

Yumo humu ukumbini, fundi seremala, ameketi karibu na mlango na daftari lake pajani. Jina simtaji, sitaki kumtangaza bure. Nilimgundua kwa njia ya utafiti. Usiku mmoja, kwa madhumuni ya kitaaluma kabisa, niliandika kwenye simu, "kwa nini kitanda kinalia ukigeuka." Nilitarajia kuletewa chuo kikuu. Nikaletewa blogu ya mtu mwenye banda la mabati. Ameandika kwamba mara nyingi kilio hicho kinatoka kwenye skrubu zilizolegea pale mbao ya ubavuni inapokutana na ya kichwani, na kwenye chaga zinazojisugua juu ya mbao iliyozibeba. Kaza hapa, anasema, na pale chini ya chaga weka vipande vya ndala kuukuu. Nikafanya. Kitanda kikanyamaza.

Na hakuniuzia kitu! Mnaona ukatili wake? Mtu amekuponya saa sita usiku bila malipo, unabaki na deni lisilo na risiti. Nikafungua ukurasa wa pili. Nikafungua wa tatu.

Kwenye huo wa tatu anaeleza namna ya kuutambua mninga. Anasema mninga wenyewe ni ule moyo wa kahawia, ambao mchwa hauwezi kirahisi, na kwamba weupe wa pembeni ya mbao ni jambo jingine kabisa: huo hubunguliwa, na fundi anayeuacha kwa wingi kwenye kitanda chako amekuuzia chakula cha wadudu kwa bei ya mninga. Anakwambia usitazame juu, palipong'arishwa kwa vanishi. Inama, tazama chini ya kitanda na nyuma ya droo ambako brashi haikufika, utaona kama ni mninga au ni paini iliyopakwa rangi. Vuta droo nzima uipime kwa mkono, maana paini ni nyepesi. Anaongeza kwamba paini si dhambi, yeye mwenyewe huitumia akiombwa, ila iuzwe kwa jina lake. Nilipofika hapo nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni na tochi ya simu, natazama uvungu wa kitanda changu. Matokeo ya uchunguzi huo ni mali ya taasisi yangu na hayatatangazwa.

Halafu ndipo lilipo kosa lake kubwa. Kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, ameandika, kinaanzia laki sita na nusu. Kinaanzia! Mbele ya watu wote! Akaeleza kwamba ukitaka kichwa cha kuchonga maua kinapanda, ukitaka droo za chini kinapanda tena, na ukikubali chaga za paini badala ya mninga kinashuka na hutaona tofauti kwa sababu godoro litazifunika. Amemfundisha mteja mahali pa kupunguza gharama. Nilimuuliza, "Fundi, huogopi jirani kusoma bei yako akashusha ya kwake?" Akanijibu, "Mzee, jirani yangu bei yangu anaijua tangu zamani. Asiyeijua ni mteja." Vijana wa siku hizi hawana adabu.

Nilimwomba daftari lake nilikague, akanipa bila hata kusitasita. Lina vumbi la msumeno katikati ya kurasa na alama za dole gumba za vanishi. Kila swali analoulizwa, kwa simu au mtu akiwa amesimama pale bandani, analiandika vilevile lilivyotamkwa. "Kitaingia mlangoni au mnakuja kukifungia ndani?" "Godoro la inchi nane halitazama?" "Mnaleta mpaka Mbagala, na gari nani analipa?" "Nikitoa nusu, nusu nyingine nikimaliza mwezi?" "Mbona kabati la kaka yangu milango imepinda?" Mbele ya kila swali anachora vijiti, kijiti kimoja kila linaporudi. Ijumaa jioni, akishafagia banda, analichukua lenye vijiti vingi na kulijibu kwa simu yake, akipiga na picha mbili za kitu chenyewe. Hiyo ndiyo mbinu yake yote. Hana dira, hana dhamira, hana andiko la mkakati. Nilimuuliza kuhusu mtangamano wa chapa akadhani ni aina ya gundi.

Sasa mtauliza, na ni haki yenu kuuliza mambo madogo, Google inamfikiaje mtu wa Keko. Programu za Google huzurura mtandaoni mchana na usiku zikisoma kurasa na kuziingiza kwenye faharasa moja kubwa. Mtu akiandika swali, majibu hutafutwa humo, na ukurasa uliojibu swali hilohilo kwa maneno ya muulizaji una nafasi nzuri ya kutokeza. Ndiyo sababu huyu bwana anayaacha maswali jinsi watu wanavyoyasema. Mtu wa Tandika hatafuti "suluhisho bunifu za samani za malazi." Anatafuta kitanda. Na kurasa za Kiswahili zinazoeleza mambo hayo ni chache mno kuliko za Kiingereza, kwa hiyo anayeandika kwa Kiswahili cha bandani hapigani na nusu ya dunia. Mimi, kinyume chake, nawataka mwandike kwa Kiingereza. Mteja wa Temeke hatakisoma, lakini atawaogopa.

Linganisheni na mnachofanya nyinyi kila siku, ambacho mimi nakiunga mkono. Mnaweka bidhaa stetasi ya WhatsApp, baada ya saa 24 imefutika, kesho mnaiweka tena, na maisha yanasonga. Mnaweka Instagram, na kiungo mkikiandika chini ya picha hakibonyezeki. Chapisho la kesho linalifukia la leo. Kazi ya namna hii haiishi, na mtu mwenye kazi isiyoisha anaheshimika. Yule wa Keko makala ya chaga aliiandika mara moja tu, na mpaka leo inamletea watu akiwa amelala. Uvivu wa wazi kabisa. Chini ya kila makala ameweka kiungo cha WhatsApp, ukikibonyeza unakuta umeshafika kwenye mazungumzo naye, na banda lake ameliweka kwenye ramani ya Google ili dereva wa Kirikuu asipotee. Ninavyoelekeza mimi, namba ya simu iwekwe ndani ya picha, kwa maandishi ya dhahabu yaliyolala, ili mteja aikariri kwanza kabla ya kuipiga. Tunapima dhamira yake.

Haki itendeke, nitaje na udhaifu wa fundi. Miezi ya mwanzo hakuna aliyekuja. Anakiri mwenyewe kwamba msomaji wake alikuwa shemeji yake, naye alikuwa anatafuta makosa ya herufi. Blogu mpya haionekani haraka. Google haijaijua, hakuna tovuti nyingine inayoielekezea watu, na makala zenyewe bado ni za kuhesabu. Mtu anayehitaji kodi ya mwisho wa mwezi huu asianze kublogu leo akitegemea ailipe kwa hiyo. Yeye alivumilia kwa sababu banda lilikuwa na wateja wa kawaida wa kupita, na alikuwa na tabia ya kumuuliza kila anayelipa malipo ya awali, "Umetujuaje?" na kuandika jibu kwenye jalada la nyuma la daftari. Majibu ya "nilisoma" yalipoanza kuongezeka ndipo alipojua. Mimi sipendekezi kupima. Ukipima unaweza kugundua.

Kabla sijaenda kwenye nguzo ya nne, naomba maji. Asante. Hii ndiyo chupa ndogo kuliko zote?

Watu wa cherehani msidhani mmenusurika. London, kwenye mtaa wa Savile Row ambako suti hushonwa kwa wakubwa wa dunia, kulikuwa na mkata nguo anaitwa Thomas Mahon. Mtaa ule ulijengwa juu ya usiri, mtu anaingia kwa kupelekwa na baba yake. Mwaka 2005, kwa msukumo wa rafiki yake mchora katuni Hugh MacLeod, Mahon akafungua blogu iitwayo English Cut, akaanza kueleza kila kitu: suti inayokatwa kwa mwili wako inatofautianaje na ile inayorekebishwa tu, kola inakaaje shingoni, bei inatokana na saa ngapi za kazi ya mkono. Aliwasifu hata mafundi wengine. Akisafiri kwenda Marekani aliandika atakuwa mji gani lini, na wateja wakaomba miadi ya kupimwa. Mtu mmoja na mkasi wake akawa anajulikana kuliko maduka yenye vioo vikubwa. Nimeiweka habari hii kwenye orodha ya mambo ya kuhuzunisha.

Nguzo ya nne basi: ujaze ukurasa. Kama unauza viatu, neno viatu lisipungue kwenye sentensi hata moja. "Karibu kwenye viatu, viatu vyetu ni viatu bora vya viatu." Wapo wataalamu wa mitaani wanaodai mbinu hiyo ilikufa, kwamba Google ilisema wazi mwaka 2009 haiitazami hata ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye ukurasa inapopanga matokeo, kwamba Februari 2011 ilibadilisha mitambo yake ikaporomosha tovuti zilizokuwa zikizalisha makala hafifu kwa wingi, na kwamba Machi 2024 ikatangaza kupambana na kurasa zinazofyatuliwa kwa maelfu ili kuihadaa, ziwe zimeandikwa na mtu au na akili mnemba. Mimi nasema hizo ni tetesi za Google wenyewe, na hakuna anayepaswa kumsikiliza mwenye nyumba kuhusu nyumba yake. Nunueni programu, iandike makala mia tatu usiku mmoja kuhusu viatu ambavyo haijawahi kuvivaa. Au nakilini za watu. Kuna mwanafunzi wangu aliyenakili makala za duka moja la Ulaya neno kwa neno, akawa anawashauri wateja wa Buguruni namna ya kutunza buti wakati wa theluji. Hakuuza, lakini ukurasa wake ulikuwa na hewa nzuri.

Kuhusu picha, ziwekeni kama zilivyotoka kwenye simu, na uzito wake wote. Bando ni la mteja. Ukurasa ukifunguka, muziki uanze kupiga wenyewe, hasa mteja akiwa ofisini kwa bosi wake. Makala ya kwanza iwe historia ya kampuni kuanzia babu yako alipovuka Rufiji. Ya pili iwe salamu za mwaka mpya. Ya tatu haihitajiki. Blogu yangu mimi ina salamu za Heri ya Mwaka Mpya 2019, na mpaka leo ni za heri.

Naona mkono. Mama wa maandazi anauliza yeye aandike nini. Swali zuri, mama, na jibu lake liko kwenye nguzo ya pili ambayo ni ya kulipia. Unasema nini? Unasema unapokea oda za shughuli, na watu huwa wanakuuliza maandazi mia mbili yanahitaji unga kilo ngapi, na yakikaangwa usiku yatafika asubuhi yakiwa laini? Na kwamba ukiwajibu vizuri wanakupa oda ya vitumbua pia? Keti, mama. Hayo ni maongezi ya kawaida, usiyachanganye na maudhui.

Na wewe kijana wa chipsi, nakuagiza uandike insha ndefu kila wiki kuhusu falsafa ya kiazi. Unatikisa kichwa. Unasema wateja wako wote wanatoka kituo cha daladala kilicho mbele yako, wanakuja kwa harufu, na hakuna mtu wa Kimara atakayesoma insha kisha apande gari mbili kufuata chipsi kavu za baridi. Ninyi ndio mnaorudisha nyuma maendeleo. Eti muda huo afadhali ukatafute mafuta ya bei nzuri! Hata kama ni kweli, mbele ya mgeni rasmi haisemwi, ingawa hajafika.

Wengine mtaniambia jambo hili ni la kale kuliko intaneti, mtanitajia ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, wauza matairi, waliochapa kitabu cha mwongozo mwaka 1900 wakati nchi nzima haikuwa na magari 3,000. Walichapa nakala karibu 35,000, wakazigawa bure. Ndani mlikuwa na ramani, namna ya kubadilisha tairi, mahali pa kupata fundi, petroli na malazi. Hesabu yao ilikuwa kwamba mwenye gari akijua njia atasafiri, na akisafiri matairi yatalika. Nyota za migahawa zikaja baadaye, 1926, na leo kuna wapishi wanaokosa usingizi kwa ajili ya kitabu cha muuza matairi. Nakubali. Lakini jiulizeni: hao ndugu walikuwa na cheti? Chenye saini yangu?

Maana vyeti viko hapa, vimeshapigwa mhuri, vinasubiri majina tu. Nani huyo anauliza bei? Mtoto wa mwenyekiti? Mwanangu, hukuwa unasikiliza. Bei njoo inboksi. Unasema ulinitumia ujumbe juzi na sijajibu? Naam, unaiva.

Nafunga mjadala, ukumbi huu umekodiwa mpaka saa nane na kuna kitchen party inaingia. Wenye viti vya kuazima mvirudishe. Yule fundi wa Keko asiondoke kwanza, ana mazungumzo ya kitaaluma na mimi pale nje kuhusu uvungu wa kitanda fulani na hali ya weupe wake. Na fundi, nakutahadharisha mapema mbele ya mashahidi: umeandika laki sita na nusu, ninayo kwenye simu, nimeipiga picha, usije ukaniambia imepanda. Chaga weka za paini.